Ulanzi tuuweke kwenye boksi lipi?

Kazi yangu ni kupima faida ambazo watu wanapata kwenye asili; ukiisoma kwenye karatasi inaonekana kubwa, ila ukweli nazunguka vijijini na mfuko wa punje za mahindi. Kila mtu nampa punje 20, nachora chini vitu wanavyopata msituni na bondeni, maji, kuni, uyoga, dawa, mvua, halafu namwambia haya gawa, chenye maana zaidi kwako kipe nyingi.

Kwa nini punje? Kwa sababu ukimuuliza mtu wa Mufindi, huku mkoani Iringa, msitu una faida gani atakujibu "unaleta mvua" hata hujamaliza swali, hiyo tumekaririshwa wote shuleni na kila mgeni mwenye kalamu anapenda kuisikia. Akishika punje sasa, mvua inaambulia mbili tatu, lundo linaenda kwenye kinyungu. Kwa wasiojua, vinyungu ni zile bustani za mabondeni, kiangazi huko juu kumekauka kabisa ila chini bado kuna unyevu, watu wanatoa mahindi mabichi, maharage, mboga, na hela ya sare za watoto inatoka humo humo. Sasa sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo bonde hilo hilo ofisini linaitwa chanzo cha maji, kijijini linaitwa ada.

Kilichonishinda mimi ni ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi. Ile tathmini kubwa ya dunia iliyotoka 2005 iligawa faida za asili mafungu manne: vitu tunavyochukua, kama chakula na kuni, kazi ya kutuliza mambo, kama kuzuia mafuriko, mambo ya utamaduni na roho, na zile zinazobeba nyingine zote, kama udongo kujitengeneza. Fomu zetu nyingi zimetoka huko. Haya, mlanzi, yaani mwanzi wenyewe, unagemwa masika, mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, inajaa, asubuhi ni togwa hata mtoto anakunywa, ulanzi ukilala unakuwa mkangafu, yaani mkali. Ni kinywaji, ni biashara ya kina mama, bila huo harusi haijanoga na kwenye kulima kwa kusaidiana hupati mtu, na mizizi yake inashika udongo mtelemkoni. Mimi nikaandika "chakula" nikafunga fomu, mpaka leo roho inanisuta.

Halafu kuna swali la bei, ungekubali kulipwa shilingi ngapi msitu huu ukatwe. Kwenye kuni linajibika vizuri tu. Nikaja kumuuliza mzee mmoja kuhusu kichaka wanachofanyia matambiko, akaniangalia wee, akasema, "Mwanangu, kwenu makaburi mnauza?" Kwenye kompyuta ile seli nimeiacha wazi, kuweka sifuri ingekuwa uongo.

Siku ya mwisho nikawaeleza maji yao yanakoenda: Ruaha Mdogo unaanzia huku Mufindi, unapita Iringa mjini, unaingia Ruaha Mkuu, mpaka bwawa la Mtera na chini yake Kidatu, mitambo ya umeme ya megawati 80 na 204. Nikachora nguzo ya umeme pale chini. Hakuna aliyeweka punje. Mama mmoja akakusanya zake, akaniuliza, "Na hao wa Mtera, sisi wanatuwekea ngapi?"