Zege haliwi gumu kwa kukauka

"Acheni kumwagilia, liacheni likauke lishike." Kauli hii imeharibu sakafu nyingi mno. Zege linashika kwa saruji kuungana na maji, si kwa maji kuondoka. Unyevu wa hewa ndani ya vitundu vidogo vya zege ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, kazi hiyo karibu yote inasimama, nguvu ikiwa imefika au haijafika. Mwagilia siku 7, kisha ndipo uzungumzie kukauka.

Chukua mfuko wa kilo 50 na lita 30 za maji. Saruji yote ikiungana, lita 11 na nusu hivi zinageuka sehemu ya jiwe lenyewe, na 9 na nusu zinanaswa kwenye vitundu vidogo mno vya jeli ya saruji, yaani gundi inayozaliwa saruji ikiungana na maji. Lita 9 zilizobaki zimo kwenye vitundu vikubwa zaidi. Hizo ndizo za kutoka kwanza.

Uso ukiwa umelowa, upepo hubeba maji haraka. Ukipauka, watu husema limekauka. Zilizokauka ni milimita chache! Chini ya hapo maji hutoka kwa shida, mengi kama mvuke, na unene ukiongezeka mara mbili muda huongezeka kama mara nne.

Linalosahaulika ni shingo, yaani njia nyembamba za kutokea kwenye kitundu. Kitundu chenye nusu kipenyo cha nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) kingepaswa kumwaga maji hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 99. Lakini kikiwa kimezungukwa na njia zenye nusu kipenyo cha nanomita 3 tu, kitabaki kimejaa mpaka unyevu ushuke hadi kama asilimia 70. Sasa pima hewa ya Dar au Mombasa wakati wa masika, uone kwa nini sakafu hukaa miezi na maji yake. Kwa sababu hiyohiyo, katika unyevu uleule wa hewa, zege linalokauka lina maji mengi kuliko linalolowa.

Vitabu huchora kukauka kama mstari mmoja safi hadi mwisho. Ukweli ni kwamba unyevu ukiwa chini ya asilimia 40 hivi maji hukatika kwa mapovu kujitokeza ndani ya vitundu, na kinachosinyaza zege hapo bado kinabishaniwa: wengine husema ni kuta za jeli kusogeleana, wengine hutaja mvutano wa nyuso zake.

Kabla ya kubandika zulia la plastiki au kumwaga epoksi (utomvu wa kufunika sakafu unaogeuka mgumu), usipapase kwa mkono. Sakafu ya milimita 100 inayokaukia juu tu, toboa milimita 40, ziba shimo saa 24, kisha soma unyevu wa ndani. Nailoni iliyobandikwa juu inakuonyesha uso tu, na gundi hulainishwa na maji yanayopanda baadaye.