Kuing'arisha pombe ya tufaha: maana yake

Kuing'arisha pombe ya tufaha iliyotengenezwa nyumbani ni kuviondoa, au kuviacha vizame vyenyewe, vitu vidogo sana vinavyoelea ndani yake na kuutawanya mwanga, hata kinywaji kikaonekana kimejaa utusitusi. Ufafanuzi huo ni mwepesi. Matatizo huanza pale mtengenezaji anapoudhania utusitusi wote kuwa wa aina moja, akamimina dawa ya kwanza aliyosikia ikisifiwa. Kinachoelea kinaweza kuwa hamira, pektini, wanga, protini au bakteria, na kinachoondoa kimoja aghalabu hakigusi kingine.

Hamira ndiyo chanzo cha kawaida, nayo haihitaji mahangaiko. Pombe inapochacha, seli zake huinuliwa na viputo vya gesi. Uchachu ukiisha, yaani haidromita, kipimo kinachoelea ndani ya pombe kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji, inaposoma 1.000 au chini yake bila kubadilika kwa siku kadhaa, seli hizo hushikamana na kuanza kutuama. Baridi huharakisha kazi hiyo: chombo kikikaa wiki moja au mbili penye nyuzi chache tu juu ya 0 za Selsiasi, mara nyingi pombe hung'aa kuanzia juu kwenda chini. Kisha huhamishwa kwa bomba la mpira, taratibu na bila kurusha matone, ili mashapo yabaki nyuma na hewa isipate nafasi ya kuiharibu.

Pektini ni ngumu zaidi. Hii ndiyo inayoshikilia kuta za seli za tunda, na ndiyo ileile inayogandisha jamu. Ndani ya pombe, minyororo yake mirefu yenye chaji hasi huzizingira chembe nyingine na kuzifanya zisukumane badala ya kushikamana, kwa hiyo utusitusi hudumu hata ukingoja miezi. Hujitokeza sana ikiwa matufaha yalichemshwa kabla ya kukamuliwa. Kuitambua si kazi: tia kijiko kimoja cha pombe katika glasi, ongeza vijiko vitatu au vinne vya spiriti, tikisa kidogo, kisha subiri kama nusu saa. Zikitokea nyuzinyuzi au mabonge ya utelezi, pektini ipo. Sampuli hiyo imwagwe, kwa kuwa spiriti isiyo ya kunywa ni sumu.

Tiba yake ni kimeng'enya (kichocheo cha asili) kiitwacho pektinase, ambacho huikata minyororo hiyo vipande vipande. Mahali pake hasa ni kwenye juisi, kabla hamira haijatiwa, kwa sababu kileo hukipunguzia nguvu. Katika pombe iliyokwisha chacha huhitajika kipimo kikubwa zaidi, joto la kawaida la chumba na subira. Kuchuja kwa kitambaa au karatasi sikupendekezi hata kidogo, kwani pektini huziba matundu upesi na pombe huishia kupigwa na hewa bure. Hata hivyo, pektini si adui kila mahali. Watengenezaji wa jadi wa Normandie, Ufaransa, huiacha igande kwenye juisi na kupanda juu kama kofia ya kahawia, kisha huvuta juisi angavu iliyo chini yake.

Wanga hutokana na matufaha yasiyoiva vizuri. Tone la ayodini huigeuza sampuli kuwa buluu iliyokaribia nyeusi, na kimeng'enya cha amilase, kinachovunja wanga, ndicho kinachofaa.

Kwa protini, hutumika bentonaiti, udongo wenye chaji hasi unaolowekwa kwanza hadi uvimbe, kisha ukaivuta protini na kuzama nayo. Jelatini, yenye chaji chanya, hufanya kinyume, ikishikana na tanini, yaani vitu vya tunda vinavyoleta ukakasi. Matufaha mengi ya kula yana tanini kidogo, hivyo jelatini ikizidi hubaki inaelea na kuleta utusitusi mpya. Jaribio katika glasi chache zenye vipimo tofauti litangulie.

Pombe inayometameta kama hariri ikizungushwa, au inayomiminika nzito kama mafuta, ina bakteria. Hapo salfaiti, kemikali ya kuhifadhi vinywaji, ndiyo huzuia isienee, na bentonaiti au jelatini havitaponya.

Utusitusi wa hamira au pektini hauna madhara kwa mnywaji, na wapo wanaoupenda. Vilevile, anayetia sukari kidogo wakati wa kufunga chupa ili kupata mapovu atakuta ute mwembamba wa hamira chini ya kila chupa, hata kama pombe yake iliingia ikiwa angavu kabisa. Huo huachwa chini kwa kumimina polepole.