Pikseli Si Lazima Ziwe Mraba: Kwa Nini 720 kwa 576 Si 5:4

Nimeletewa tena faili lililonakiliwa kutoka kanda ya DV (kanda ya video ya dijitali), na watu waliomo wamebanwa mpaka wamepoteza karibu asilimia 30 ya upana wao. Aliyelitayarisha alinieleza kwa uhakika kwamba hakuna kosa: faili lina pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo, ukigawanya unapata 1.25, basi picha ni ya 5:4. Hesabu yake ni sahihi, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kila pikseli ni mraba, na dhana hiyo nimeisahihisha mara nyingi mno kuendelea kuijibu kwa sentensi mbili.

Idadi ya pikseli inakuambia tu picha imehifadhiwaje. Umbo inalopaswa kuonekana nalo hupatikana kwa kuuzidisha uwiano huo wa hifadhi kwa uwiano wa pikseli yenyewe, yaani upana wake ukigawanywa kwa kimo chake. Ndiyo maana kanda mbili za DV, moja ya 4:3 na nyingine ya 16:9, huhifadhiwa zote kwa 720 kwa 576, na kinachozitofautisha ni alama ndogo ndani ya faili inayoiambia programu ya kuchezea video pikseli zitanuliwe kiasi gani. Alama hiyo ikipotea au ikipuuzwa, picha ya 16:9 hubanwa vibaya, na ile ya 4:3 hubanwa kidogo, kiasi kwamba wengi hawagundui. Hizo 720 kwa 576 ni za mfumo wa televisheni wa mistari 625; katika mfumo mwingine, wa mistari 525, wenye pikseli 720 kwa 480, picha ya 4:3 huharibika kinyume chake: watu hunenepa.

Namba 720 haikutokana na umbo la picha. Kiwango cha kimataifa cha video ya dijitali kinachojulikana leo kama BT.601, kilichopitishwa mwaka 1982, kilichagua kasi ya sampuli (yaani ishara ya picha hupimwa mara ngapi kwa sekunde) ya megahezi 13.5 kwa sababu inagawanyika sawasawa kwa mistari ya mifumo yote miwili: sampuli 864 kwa mstari katika mfumo wa mistari 625, na 858 katika ule wa 525. Kati ya hizo, 720 zilitengewa picha katika mifumo yote. Lilikuwa suala la masafa na upatanifu wa mitambo. Umbo la pikseli lilikuwa tokeo tu.

Hapa ndipo hata wahariri wazoefu wanaponikasirisha. Wengi husema kwamba pikseli ya 4:3 katika mfumo wa mistari 625 ina uwiano wa 16/15, kwa kuwa 720 mara 16/15 ni 768, na 768 kwa 576 ni 4:3 kamili. Hesabu inavutia, lakini inachukulia kwamba picha ya 4:3 inajaza sampuli zote 720. Sehemu ya mstari wa analogi iliyobeba picha huchukua mikrosekunde 52, na kwa kasi ya megahezi 13.5 hizo ni sampuli 702 tu. Zilizobaki ni akiba ya pembeni, ambayo mara nyingi huonekana kama ukanda mweusi mwembamba. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa pikseli 704, namba iliyo karibu zaidi inayogawanyika kwa 16, na uwiano unakuwa 12/11. Picha nzima ya 720, ukiitanua ipasavyo, inafikia upana wa takriban 785, nayo inazidi 4:3 kidogo, kama inavyotakiwa.

Tofauti kati ya njia hizo mbili ni kama asilimia 2. Katika uso wa mtu siioni. Katika duara naiona. Nakiri pia kwamba faili likishapita katika mashine kadhaa, ambazo huenda kila moja ilifuata kanuni yake, hakuna fomula inayoweza kunithibitishia umbo lipi ni sahihi. Hapo mimi hutafuta kitu cha mviringo kilichopigwa uso kwa uso, gurudumu au saa ya ukutani, nikakipima, na mara nyingine hata kipimo hicho huniacha na shaka.

HDV ya 1080, yaani video ya HD kwenye kanda, haina utata huo: pikseli 1440 kwa 1080, kila moja ikitanuliwa kwa 4/3, hutoa 1920 kwa 1080. Wala msichanganye 4K ya sinema, yenye pikseli 4096 kwa 2160, na ile ya televisheni yenye 3840 kwa 2160. Zote zina pikseli za mraba, lakini ya kwanza ni takriban 1.90:1 na ya pili ni 16:9.

Kwa faili nililoletewa, sikugusa pikseli hata moja ya nakala ya kumbukumbu. Nilirekebisha alama, ndani ya mkondo wa video na kwenye kontena (faili la nje linalobeba mkondo huo) pia, maana zikipingana kila programu hufuata inayoipenda. Kwa nakala ya intaneti niliondoa kwanza mistari pishanifu (nusu mbili za picha zilizopigwa kwa nyakati tofauti na kupishanishwa mstari kwa mstari), nikakata pikseli 8 kila upande ili zibaki 704, kisha nikaitanua picha hadi 1024 kwa 576, yaani 16:9.