Steringi mpya si lazima awe hadithi mpya

Filamu ya shujaa ikitoka na sura ngeni ndani ya vazi lile lile, utasikia watu wakisema "wameanza upya". Pengine ni kweli, pengine siyo. Sura peke yake haithibitishi kitu.

Mwendelezo ni filamu inayobeba yaliyopita. Aliyekufa sehemu ya kwanza ni marehemu hata sehemu ya tatu, na adui aliyeponyoka anarudi na kinyongo chake. Kuanza upya ni kuyafuta hayo yote. Wazo limeazimwa kwenye kompyuta: mashine ikigoma, unaizima na kuiwasha tena. Shujaa habadilishi jina wala nguvu zake, ila yaliyompata katika filamu za nyuma yanahesabiwa hayakutokea.

Batman anaonyesha vizuri. Michael Keaton alimwigiza mwaka 1989 na 1992, Val Kilmer akamfuata 1995, George Clooney 1997. Steringi watatu, lakini mtumishi wake Alfred ni Michael Gough katika filamu zote nne. Nyumba ni moja, basi huo ni mwendelezo. Hiyo ya mwisho ilipondwa vibaya mno, na iliyopangwa kuifuata ikaachwa. Mwaka 2005 mwongozaji Christopher Nolan akaja na Batman ambaye ni mtoto tena, wazazi wake wakiuawa kwa mara nyingine, na Alfred akiwa Michael Caine. Hapo ndipo walipoanza upya.

Sura inaweza kudanganya kwa upande wa pili pia. J.K. Simmons alikuwa mhariri mkali wa gazeti katika filamu tatu za Spider-Man za Sam Raimi, 2002 hadi 2007. Mwaka 2019 akarudi na jina lile lile na kufoka kule kule, lakini ni mtu mwingine kabisa: huyu hajawahi kumwajiri Peter Parker (ndilo jina halisi la Spider-Man) aliyeigizwa na Tobey Maguire katika filamu zile.

Sababu ya kufuta si hadithi kuchakaa tu. Sony ina haki za kumtengenezea Spider-Man filamu kwa sharti la kuendelea kuzitengeneza. Ikikaa kimya muda mrefu mno, haki zinarudi Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni alikotoka shujaa huyo. Sehemu ya nne ya Raimi ilipovunjika Januari 2010, studio haikungoja. Mwaka 2012 tukaletewa Andrew Garfield, miaka mitano tu baada ya Maguire, na tukaketi tena kumtazama kijana akiumwa na buibui na Mjomba Ben akipigwa risasi. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa, kwa sababu ukifuta yaliyopita halafu ukayasimulia yale yale, umefuta nini? Filamu ya Tom Holland ya 2017 ilijifunza: buibui anatajwa kwa maneno machache tu, na msiba wa mjomba hatuonyeshwi.

Halafu mwaka 2021 wakawakutanisha wote watatu (kama hujaitazama, ishia hapa). Kila mmoja ni Peter Parker, na kila mmoja amekuja na maiti wake: wa Maguire amempoteza mjomba, wa Garfield amempoteza mpenzi wake Gwen, na wa Holland ndiyo kwanza amefiwa na Shangazi May.