Vanila katika bia ya nyumbani: yanayoaminika na yaliyo kweli

Watengenezaji wa bia ya nyumbani, hasa nchini Marekani ambako sheria ya shirikisho ya mwaka 1978 iliwafungulia mlango, hupenda kutia maganda ya vanila katika stauti na pota, yaani bia nyeusi za kimea kilichokaangwa. Kiungo hiki, ambacho hulimwa pia Uganda na mkoani Kagera, kimezungukwa na imani kadhaa zinazotokana na kukichukulia kama mdalasini wa kutupwa kwenye sufuria ya chai.

Aliye karibu na shamba hudhani kwamba ganda bichi, lililochumwa leo, lina harufu kali kuliko lililokaushwa. Ukweli ni kinyume chake. Ganda bichi halinukii karibu chochote, kwa sababu vanilini, ambayo ndiyo kiini cha harufu yake, bado imefungamana na glukosi. Hufunguliwa na vimeng'enya vya ganda lenyewe baada ya maganda kutumbukizwa kwa dakika chache katika maji ya nyuzi joto zipatazo 63, kufunikwa kwa mablanketi yatoe jasho, kuanikwa juani kwa saa chache kila siku na hatimaye kutunzwa masandukuni kwa miezi. Kilo moja ya vanila iliyokamilika huhitaji kilo 5 hadi 6 za maganda mabichi. Tena ganda hukaa mtini karibu miezi 9 kabla ya kukomaa, na wizi huwasukuma wakulima wengi kulichuma mapema. Ndiyo maana Madagaska wapo wanaoyachoma maganda alama kwa pini yakiwa bado mtini, na serikali ya Uganda hutangaza tarehe ya kuanza mavuno. Mnunuzi achague ganda lenye mafuta, linaloweza kuzungushwa kidoleni bila kukatika.

Imani nyingine ni kwamba ladha yote imo katika vile vijipunje vyeusi, kwa hiyo baada ya kuvikwangua kwa ncha ya kisu mtu hutupa ganda. Huo ni ufujaji wa kiungo cha bei kubwa. Vanilini hutengenezwa zaidi katika nyama laini inayovishika vijipunje na katika kuta za ndani za ganda, ilhali vijipunje vyenyewe vina ladha ndogo sana. Pasua ganda kwa urefu, kwangua, kisha tia vyote.

Lini? Hapa ndipo wengi hukosea, na hata maelezo ya kosa lenyewe huwa nusu tu ya ukweli. Husemwa kwamba vanila isichemshwe pamoja na maji ya kimea kwa kuwa harufu yote itaondoka na mvuke. Ni kweli kwamba baadhi ya harufu nyepesi hupotea, lakini vanilini huchemka kwenye nyuzi 285, kwa hiyo haikimbii kirahisi hivyo. Mharibifu mkubwa zaidi ni hamira, ambayo inapokuwa katika pilika za kuchachua huigeuza vanilini kuwa alkoholi ya vanilili, yenye harufu dhaifu mno. Subiri basi hamira imalize kazi na kutulia chini ya chombo, ndipo utie maganda, uonje kila baada ya siku moja au mbili.

Wapo wanaosisitiza kwamba bila kulowekwa katika vodka ganda halitoi kitu. Lita moja ya maji ya joto la kawaida huweza kuyeyusha takriban gramu 10 za vanilini, wakati maganda 2 ya gramu 3 kila moja, yakiwa na asilimia 2 ya vanilini, yatatoa takriban miligramu 6 tu kwa lita katika bia ya lita 19. Nafasi ipo tele. Faida ya vodka ni kuharakisha kazi na kupunguza vijidudu, ingawa haivimalizi vyote. Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini maganda 2 yanatosha kuanzia: kuongeza kunawezekana, kupunguza hakuwezekani.

Wala vanila haileti utamu. Tumezoea kuikuta kwenye keki na aiskrimu, hivyo pua huahidi sukari ambayo ulimi hauipati, na bia kavu, yaani isiyo na utamu, hubaki kavu. Anayetaka utamu atumie sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, mradi awaonye wageni ambao matumbo yao hayapatani nayo.

Kuhusu arki ya dukani inayotiwa vanilini ya kiwandani, vanilini hiyo, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1874, ni kemikali ileile iliyomo gandani. Inachokosa ni mamia ya harufu ndogondogo zinazoisindikiza. Na ule unga mweupe unaometameta kama sindano juu ya ganda zuri si ukungu, bali ni vanilini iliyoganda. Ukungu huwa na manyoya, haumetameti, na hunuka uvundo.