Mtoaji Kwanza, Mbuzi Baadaye: Dhana Potofu Kuhusu Sadaka Yenye Kibali

Mavuno yakishaingia ghalani, makanisa mengi ya Dodoma hufanya ibada ya shukrani. Mbele hupangwa viroba vya mtama na uwele, karanga, alizeti na kuku waliofungwa miguu. Nje, mbuzi mmoja au wawili wamefungwa kwenye mwarobaini. Ibada ikiisha, mnada unaanza. Ni siku ya furaha, na ni siku ambayo mafundisho yaliyopinda kuhusu sadaka husikika kuliko siku nyingine yoyote.

"Kaini alikataliwa kwa sababu hakuleta damu."

Maandiko hayasemi hivyo. Kaini alikuwa mkulima, akaleta mazao ya ardhi. Baadaye Torati yenyewe, katika Walawi 2, iliagiza sadaka ya unga, mafuta na ubani, bila tone la damu, nayo ilipokewa. Mwanzo 4 inaeleza kwamba Habili alileta wazao wa kwanza wa wanyama wake pamoja na sehemu zilizonona, lakini ya Kaini haielezwi uzuri wake. Halafu tazama mpangilio wa maneno: Mungu alimtakabali Habili na sadaka yake, bali Kaini hakumtakabali, wala sadaka yake. Mtu anatajwa kwanza, alichobeba kinafuata. Waebrania 11:4 inaiweka tofauti yao kwenye imani, na 1 Yohana 3:12 kwenye matendo. Mkulima wa mtama wa Chamwino hapungukiwi na kitu mbele ya mfugaji.

"Asiye na kikubwa akae nyuma."

Walawi 5 iliweka ngazi tatu za sadaka ya dhambi. Mwenye uwezo alileta kondoo jike au mbuzi jike. Asiyemudu alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyemudu hata ndege alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba. Efa ni kama lita 22, yaani debe moja na ziada, kwa hiyo sehemu yake ya kumi inazidi nusu sado (kopo la lita nne) kidogo tu. Na unga huo haukutiwa mafuta wala ubani, kwa kuwa ulikuwa sadaka ya dhambi; haukuhitaji kupambwa. Msamaha ulikuwa uleule wa mwenye mbuzi. Yusufu na Mariamu nao, katika Luka 2:24, walitoa ndege wawili, na Walawi 12:8 inaonyesha kuwa hiyo ilikuwa nafuu ya asiyemudu mwana-kondoo.

Mjane wa Marko 12 alitia sarafu mbili ndogo, ambazo kwa pamoja zilikuwa sehemu moja ya 64 ya dinari, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Tuseme kibarua analipwa shilingi 6,400 kwa siku: mama huyo alitoa shilingi 100. Wahubiri wengi huishia hapo, kisha kapu linapitishwa kwa wajane. Wangerudi nyuma hadi mstari wa 40 wangemkuta Yesu akiwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane.

"Mungu haangalii kitu, anaangalia moyo tu."

Kauli hii ndiyo inayomfikisha kanisani kuku mwenye mdondo. Walawi 22 inakataa mnyama kipofu, aliyevunjika, mwenye vidonda au upele, na ambaye hajafikisha siku nane tangu kuzaliwa. Malaki 1:8 inakejeli: mpelekee liwali wako mnyama huyo, tuone kama atakuwa radhi nawe. Kwetu kipimo ni rahisi. Mbuzi ambaye ungeona haya kumtoa kama mahari, usimfunge kwenye mwarobaini wa kanisa.

Kwa mazao, uzembe unaweza kuua. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyonadiwa kanisani yatasagwa na kuliwa na familia ya mtu, na moto wa kusongea ugali hauimalizi sumu hiyo. Kausha juu ya turubai, si juu ya udongo. Chambua, ukiondoa punje zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Karanga usizimwagie maji ili zibanguke upesi, maana unyevu huo ndio unaokaribisha kuvu. Ulizoziondoa zifukie, kuku nao zinawadhuru.

"Toa, mvua itanyesha."

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo ahadi ya madirisha ya mbinguni katika Malaki 3:10 hupata wateja haraka. Mistari mitano tu juu yake, Mungu anaahidi kuwa shahidi dhidi ya wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, na mjane, yatima na mgeni. Mwenye shamba la zabibu anayelaza malipo ya vibarua, kisha akaleta zaka kamili, amesoma nusu ya ukurasa. Zaka yenyewe, kwa Kumbukumbu la Torati 14:28-29, kila mwaka wa tatu iliwekwa mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Kuhusu bahasha za ahadi: sura ya 23 ya kitabu hicho inasema asiyeweka nadhiri hana dhambi, ila aliyeiweka aitimize. Basi asisukumwe mtu.

"Ibada ya kweli ina mahali pake na sauti yake."

Mwanamke Msamaria wa Yohana 4 aliuliza kuhusu pa kuabudia, mlimani au Yerusalemu, akajibiwa na Yesu: roho na kweli. Ukubwa wa spika haukutajwa. Wakristo hawachinji madhabahuni kwa sababu, kwa Waebrania 10, Kristo alijitoa mara moja tu. Dhabihu zilizobaki ni mwili ulio hai (Warumi 12:1), sifa za midomo, kutenda mema na kushirikiana (Waebrania 13:15-16).

"Sadaka nono inafunika ugomvi."

Hapa ndipo wengi hukwama, na Torati haina mafumbo. Walawi 6 inamtaja mtu aliyewekewa mali na jirani yake akaikana. Arudishe yote, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe. Ndipo alete kondoo dume wa hatia. Uliwekewa debe tano za mtama ukakana? Peleka sita. Yesu katika Mathayo 5:23-24 anashika utaratibu huohuo: iache sadaka mbele ya madhabahu, nenda ukapatane kwanza, kisha urudi uitoe.

Watu huupindua. Mmoja hupeleka thamani ya mtama kanisani, na mwenye mtama analala njaa. Mwingine husema ameshatubu kwa Mungu, yatosha. Wa tatu huomba radhi kwa "kama nilikukosea", huku debe zikiwa bado stoo kwake. Kuitikiana "mbukwa", salamu ya Kigogo, njiani nako si kupatana.

Nenda mwenyewe, na mzigo ukiwa mkononi, kabla ya Jumapili. Taja kosa kwa jina lake na kiasi chake. Ukihofia hasira, ongozana na mzee mnayeheshimiana naye wote wawili. Akikataa kupatana, Warumi 12:18 inakudai kilicho upande wako tu, lakini mtama umwachie, kwa kuwa ni wake. Akiwa amefariki, wape nduguze. Hesabu 5:8 inaruhusu malipo hayo yaende kwa kuhani pale tu ambapo marehemu hakuacha jamaa wa kuyapokea.