Afasia haimwondolei mtu akili

Mtu akipata kiharusi akashindwa kusema, jamaa huanza kumjibia, au kumpazia sauti kana kwamba ni kiziwi. Wanadhani akili imeondoka. Sivyo. Tatizo hilo, afasia, huvuruga lugha: anajua anataka chai, ila neno “chai” halimjii, pengine anatamka “kiatu”.

Wengine hudhani msaada ni kazi ya madaktari tu. Kituo cha Toronto, Kanada, kiitwacho leo Aphasia Institute, kilianzishwa mwaka 1979 na Pat Arato, mke wa mtu mwenye afasia. Humo hata watu wa kujitolea hufundishwa jinsi ya kuzungumza na mwenye afasia: unaandika NDIYO, HAPANA na alama ya kuuliza kwenye karatasi, unamwambia “najua kwamba unajua”, kisha unasubiri aonyeshe kidole. Kusubiri ndiko kugumu, hasa kwetu wasemaji.